Uso Aliouchora Gervas

Fungeni huo mlango wa uani, wanangu, na huyo jirani anayepiga redio mwacheni apige, leo sina nguvu ya kugombana na mtu. Stephano, kaa kwenye kiti, mgongo wako unakusumbua. Herieth, njoo huku miguuni pangu. Gervas, usisimame mlangoni kama mgeni aliyekuja kuulizia njia, hii ni nyumba ya mama yako, ingia ukae. Na wewe Jesca, mjukuu wangu, usikimbilie jikoni, chai itasubiri, maana mengi nitakayosema yanakuhusu wewe kuliko mama yako na wajomba zako. Nimewaita mchana huu, mkiwa mmetoka kanisani na nguo zenu nzuri bado mwilini, kwa sababu jana mchungaji alipokuja kunipa ushirika niliona jinsi alivyonitazama, nikaelewa, na mie mwenyewe mwili wangu naujua. Nitasema mara moja. Msinikatize, na sauti ikinipotea msiniharakishe, ningojeni irudi.

Ya mali nayamaliza kwanza kwa kuwa ni machache. Nyumba hii ya Kimara, mimi na marehemu baba yenu Benson tuliijenga chumba kimoja kimoja huku tukilala ndani yake haijapigwa hata lipu, na isiuzwe maadamu kuna mmoja wenu anayehitaji pa kuweka kichwa. Hati aishike Stephano kwa kuwa ni mkubwa, lakini kuishika si kuimiliki, naomba hilo lieleweke vizuri. Kiwanja cha Mbagala penye duka la Herieth ni cha Herieth, wala asije mtu kesho akamwambia kuwa msichana hana fungu. Chumba cha nje pamoja na baraza yake, pale Gervas anapochorea, ni cha Gervas, na asitokee mtu wa kumtoa tena. Mmenisikia nilivyosema, tena. Cherehani yangu ni ya Jesca. Hayo yamekwisha, na msije mkakaa vikao juu yake.

Linalonisumbua si nyumba. Ni hiyo picha ukutani, ambayo kila mmoja wenu tangu ameingia ameitazama kwa kuiba kisha akainamisha macho. Leo itazameni. Mie nitaongea, nyie itazameni.

Mnajua kwamba nilizaliwa Rungwe, lakini hamkuwahi kuniona nilivyokuwa nimezaliwa. Nilikuwa mweusi, wanangu, mweusi wa kuiva, na mama yangu alikuwa akinipaka mafuta asubuhi ya baridi kabla ya kwenda shule, ananisukuma nje anasema, nenda, mtoto mzuri. Kwa hiyo nilijua mie ni mzuri, sikujua kama kuna mtu anaweza kusema vingine. Nikaolewa na baba yenu, akanileta Dar es Salaam, yeye akiwa karani katika ofisi moja ya mjini. Mwisho wa mwaka ule ofisi ikafanya sherehe nyumbani kwa mkubwa wao, nami nikashona gauni, nikaenda na mume wangu kifua mbele. Nimesimama pale karibu na meza, mke wa mwenye nyumba akanijia, akanipa trei mikononi, akasema kwa upole kabisa, "Dada, vile vyombo vya watoto bado havijatolewa."

Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kumwambia, samahani, mimi ni mke wa Benson. Lakini nilitazama wale wanawake wengine, wake za makarani na wake za wakubwa, nyuso zao nyeupenyeupe zote, nikaona alivyoniona yeye, na aibu ikanishika. Nikaichukua ile trei. Nikakusanya vyombo, nikaingia navyo jikoni, nikaviosha na wale mabinti wa kazi, na wao wakanipokea kama mwenzao, wakanisogezea na kigoda. Baba yenu alinitafuta mpaka akanikuta jikoni, mikono ina povu. Njiani, tukiwa tunarudi, ndipo aliponiambia, tena kwa sauti ndogo ya huruma, "Ungejiweka vizuri kidogo, Tupo." Msimchukie baba yenu kwa neno hilo. Na yeye alikuwa ameaibika, na mtu aliyeaibika husema lile lililo karibu na ulimi.

Basi nikajiweka vizuri. Kule kujichubua mnakujua, mmekulia ndani ya harufu yake, sina cha kuwafichulia. Nyie watoto mlijua kwamba chumbani kwa mama kuna kopo lisiloguswa, na kwamba mama hatoki juani bila mwavuli. Mwanzoni nilifurahi, nisiwadanganye. Uso ulifunguka, watu wakanigeukia, baba yenu akanipeleka kwa mpiga picha. Kisha ngozi ikaanza kufanya mambo yake yenyewe. Mashavu yakawa mekundu, masikio na shingo vikagoma, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi kama vya mtu mwingine, na chini ya macho yakatoka mabaka ambayo kila nilipoyafukuza yalizidi kukaa. Vijana wa mtaani wakanipa jina, wakaniita Soda Mbili, usoni ya machungwa na mikononi nyeusi. Stephano, siku ile ulirudi na shati limechanika, ukakataa katakata kusema umepigana na nani na kwa nini. Nilijua. Nilikuwa nimewasikia wakiniita kabla hawajakuita wewe mtoto wa Soda Mbili. Nilikushonea lile shati bila kuuliza, na wewe ukakaa karibu yangu bila kusema, na tangu siku ile mimi na wewe hatukuwahi kulizungumza mpaka dakika hii ninayolisema.

Nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Baba yenu alipofariki, Gervas akaniomba anichore. Wote mlikuwa mnamcheka wakati ule, kijana mzima wa chuo anapaka rangi vitambaa, na mie nilimkubalia kwa sababu nyumba ilikuwa imekuwa kimya mno. Akawa ananiweka pale barazani asubuhi, jua likiwa bado la ubavu, na mie najipaka poda kwanza, nafunga kilemba, nakaa. Hakunikataza poda. Alikuwa ananitazama. Wanangu, sijui kama mmewahi kutazamwa hivyo na mtu asiyetaka kitu kwenu, asiyesubiri chakula wala jibu. Siku za mwanzo nilikuwa natazama pembeni, baadaye nikazoea, nikawa naisubiri asubuhi. Nikamuuliza, "Unanipaka rangi gani huko?" Akasema, "Zote, mama." Nikacheka, nikadhani ni utani wake, na moyoni nikasema huyu mwanangu amesoma, atajua namna ya kunisawazisha. Kopo lilikuwa limeshindwa kunifanya rangi moja, nikadhani brashi itaweza. Hakunionyesha mpaka siku ya maonyesho.

Siku hiyo mnaikumbuka. Akina mama wa kanisa walikodi Coaster nzima, jirani yangu Mwamvita naye nikamwambia twende, tukashona sare, tukaingia ukumbini mle mjini tukiwa tunacheka kama wasichana. Picha ilikuwa imetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe, na taa yake. Nikainua macho nikajiona. Mabaka yalikuwepo. Wekundu wa mashavu ulikuwepo. Sikio lilikuwa jeusi na shavu lililo jirani yake si jeusi, na mikono imelala mapajani na vile vifundo vyake, kila kimoja, kana kwamba alivihesabu. Hakuacha kitu. Akina mama wakajipanga nyuma yangu wakitazama. Kisha mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Nani kammwagia mwenzetu chai?" Wakacheka, si kwa ubaya, walicheka kwa kutojua la kufanya. Mie nilijifunika khanga usoni. Ndani ya ukumbi ule, mtu mzima, mjane, mama wa watoto watatu, nilijifunika khanga usoni mbele ya uso wangu. Mwamvita ndiye aliyenishika mkono akanitoa, akakaa nami ndani ya gari mpaka wenzetu waliporudi, na mpaka leo hajawahi kulitaja hilo. Nikishaondoka mumpelekee kile kitenge changu cha kijani ambacho sijakikata.

Jioni yake hapa nyumbani mlipigana kwa maneno. Nilikuwa chumbani, nilisikia lote. Stephano alisema, "Umemvua mama nguo mbele ya watu!" Na Gervas akasema, "Nimemchora nilivyomwona." "Ndivyo unavyomwona mama yako?" "Ndiyo, kaka. Na ni mzuri." Hapo ndipo Stephano alipozitupa nguo za ndugu yake uani, na Gervas akaondoka akaenda kukaa kwa rafiki yake huko Kipawa. Stephano, najua ulikuwa unapigana tena na wale vijana wa mtaani. Shati lilikuwa lile lile. Lakini safari hii uliyempiga alikuwa ndugu yako, naye hakuwa amenitukana, alikuwa amesema mimi ni mzuri, na mie kule ndani nililisikia neno hilo na sikuweza kuliamini, basi nikanyamaza.

Sasa Herieth. Inua uso, mwanangu, sikusemi vibaya. Ile picha ilikaa nyuma ya kabati imefungwa shuka, na wewe kwa mapenzi yako ukaichukua ukaipeleka Mbagala kwa Isack, yule anayeandika mabango ya saluni, ukamwambia aitengeneze. Ukanirudishia siku yangu ya kuzaliwa, imefungwa karatasi ya maua, keki mezani, watoto wanaimba. Ukafunua. Isack ni fundi, sina neno naye, kazi aliyopewa aliifanya. Uso mzima ulikuwa rangi moja, ile ya chai iliyozidiwa na maziwa, mdomo mwekundu, nyusi kama zimechorwa kwa rula, vidole vimenyooka vimelingana. Mkapiga makofi. Stephano akasema, "Sasa huyu ndiye mama!" Nami nikashukuru, nikakukumbatia, Herieth, na nyie mkaitundika hapo.

Mlipoondoka nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Yule mwanamke nilikuwa namjua. Yupo kwenye kila mlango wa saluni kuanzia Mtoni mpaka Mbagala Rangi Tatu, anamtazama kila apitaye na hamwoni yeyote. Nilimtafuta Tupokigwe, mimi mwenyewe, usoni pale nikamkosa. Nikajiambia, si ndilo ulilolitaka? Maisha yako yote ya mjini umelitaka hilo, limekuja, wanao wamekupigia makofi. Nikaona aibu, na hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya ukumbini, kwa sababu kule nilichekwa na kudharaulika mbele ya watu baki, hapa nilifutwa, na walionifuta walifurahi, na mie nikasema asante. Lakini sikuwaambia. Ningewaambiaje? Mama yenu mzee anataka mabaka yake arudishiwe?

Ngojeni nipumue.

Halafu tumbo. Mlinipeleka hospitali, wakanipasua, ule uvimbe ukatoka salama, na kilichogoma kupona ni kidonda. Herieth ulikuwepo, umeshika mkoba wangu. Daktari alikuja na wanafunzi wake, wakafunua bendeji, nyuzi zilikuwa zimechana ngozi kama karatasi iliyolowa. Akaniuliza kwa adabu, mbele ya wale vijana wote na koti zao nyeupe, "Mama, umewahi kutumia mkorogo?" Nikasema hapana. Na uso huu! Nikasema hapana. Yule daktari hakunibishia. Aliuinua mkono wangu, akavitazama vidole, akaurudisha juu ya shuka polepole kama unavyomlaza mtoto, akaendelea na mgonjwa wa pili. Wewe Herieth uligeuka ukutani. Na mie nilijua unafikiria nini, ulikuwa unafikiria ile rafu ya kwanza ya duka lako, yenye makopo hayo hayo, iliyo karibu na mlango.

Nilivyorudishwa hapa ndipo Gervas akaja. Hakuna aliyemwita, alisikia kwa watu. Alipiga hodi kwenye nyumba aliyozaliwa. Akanipa shikamoo, akakaa hapa kitandani, akainua macho ukutani akaona alichofanyiwa. Nilingoja aseme kitu. Akaniuliza, "Mama, unaruhusu niisafishe?" Nikasema, "Itawezekana?" Akasema, "Nilikuwa nimeipaka vanishi juu. Rangi yangu iko chini, imelala tu." Nikamwambia aisafishie hapa hapa nilipo, niione. Basi akawa anakuja kila siku, tunafungua dirisha kwa sababu ya harufu ya thina, analowesha pamba kidogo, anapangusa mahali padogo kama kucha, anatupa pamba, anachukua nyingine. Jicho ndilo lililotoka kwanza. Nilikuwa nimelala ubavu, nikaona jicho langu linanitazama kutoka ndani ya yule mwanamke wa saluni, nikalia, naye akaacha akanifuta machozi kwa mkono unaonuka thina, tukacheka wote.

Nami kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikaitazama ile picha kama alivyokuwa akinitazama yeye, asubuhi, mchana, jua likipanda na likishuka. Nataka niwaambie nilichokiona, kwa sababu mkiitazama kwa haraka hamtakiona, mie mwenyewe siku ile sikukiona. Yale mabaka chini ya macho nilidhani kayapaka nyeusi. Hakuna nyeusi pale, wanangu. Kuna bluu, ile ya maji ya kufulia nguo nyeupe, imepita juu ya kahawia, nyepesi mno hata ukisogea karibu inapotea, ukirudi nyuma inakuja. Na wekundu wa shavu si wekundu mtupu. Nilimuuliza, mbona wekundu huu kule ukumbini ulinipigia kelele na sasa umetulia? Akasema, "Chini yake kuna kijani, mama. Kilikuwepo tangu mwanzo. Bila hicho wekundu ungechoma macho." Nikatazama siku nzima, nikakiona, kimekaa ukingoni mwa taya, kama rangi ya jani linaloanza kukauka. Na tazameni hapo pembeni mwa uso, pale shavu linapokutana na sikio. Tafuteni mahali nyeusi inapoishia na hiyo nyingine inapoanza. Hamtapaona. Mie nimepatafuta wiki nzima. Ameziingiza rangi hizo moja ndani ya nyingine polepole, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba watoto wamelala.

Na sikio. Lile sikio jeusi ambalo kule ukumbini nilitamani lingefunikwa na kilemba. Nikamuuliza kwa nini amelitia mwanga, ule mstari mdogo wa dhahabu pembeni. Akasema, "Hapo ndipo nilipoanzia, mama. Rangi nyingine zote nimezipima kutokea hapo." Niligeuza uso ukutani, akadhani nimelala. Nilikuwa namkumbuka mama yangu na mafuta yake asubuhi ile ya baridi, na kwamba kumbe palibaki mahali kwenye mwili wangu ambapo angenitambua.

Sisemi aibu imekwisha. Msije mkatangaza kanisani kwamba mama alikufa amejikubali, hizo ni habari za kufurahisha watu. Bado nikiitazama uso unanichoma. Naona aibu kwa trei niliyoipokea, naona aibu kwa daktari yule, naona aibu kwamba mwanangu alinijua kuliko nilivyotaka kujulikana. Lakini ile picha haioni aibu. Hilo ndilo lililonishangaza. Yule mwanamke ana mabaka yote na amekaa wima.

Basi, maagizo, kwa sababu pumzi inakata. Stephano, juzi uliniachia simu yako nimsikilize shangazi yako wa Tukuyu, na wakati naitafuta sauti yake nikaiona ile picha ya msiba wangu uliyotuma kwa mtu wa mabango. Usishtuke. Nimejiona nimeshakufa na tarehe imeachwa wazi, na nimeng'arishwa mpaka pua haipo. Nilicheka, kweli nilicheka, kidonda kikaniuma. Wewe ni mtoto wa kupanga mambo mapema, nakushukuru. Lakini ile usiitumie. Siku hiyo mbele ya jeneza isimame hiyo picha ya ukutani, bila ua la kuficha chochote. Watakaocheka wacheke. Nizikeni hapa hapa alipolala baba yenu, msinisafirishe mpaka Tukuyu.

Na kabla sijaenda, Stephano, mwambie ndugu yako neno. Hapa, nikisikia. Si mimi, mtazame yeye.

Nimesikia. Na wewe Gervas umesikia. Inatosha, msiongeze, kaeni hivyo hivyo karibu.

Herieth, usitoke nje. Njoo. Duka ni lako na funguo ni zako, na najua hiyo rafu ya mlangoni ndiyo inayosomesha watoto, sitakuamrisha nikiwa nimelala hapa halafu nikakuachia njaa. Ila nakuomba. Mwanamke akija kuulizia hilo kopo, kabla hujamkabidhi mtazame usoni, kwa muda ule ule ambao ndugu yako alinitazama mimi. Kisha ufanye utakachoweza kufanya. Wewe ulitaka kunifurahisha, mwanangu. Ninajua. Hata nilipobaki peke yangu ile siku ya keki nilijua.

Jesca. Sogea hapa. Siku ile uliponiogesha, mikono yako ilipopita karibu na pua yangu, niliijua hiyo harufu. Ukasema, "Losheni tu, bibi." Nami nikanyamaza, nikajifanya nimesinzia. Sinyamazi leo. Vua hiyo sweta, ona joto hili, unaficha viwiko vya nini kwa bibi yako? Usilie. Hakuna anayekugombeza humu. Hata mie walinipa trei, mjukuu wangu. Kuna siku na wewe utapewa, shuleni, kazini, kwa mwanamume. Irudishe mezani. Useme jina lako. Hayo tu, mengine utayajua mwenyewe.

Picha ni ya Jesca, baada ya mazishi. Andikeni hivyo.

Kaa hapo kwenye mwanga... hapo, geuka kidogo... Gervas, njoo uone. Hapa kwenye kidevu chake, chini ya mdomo... kuna rangi gani hii? Si kahawia... kama zabibu iliyokauka... unaiona? Miaka yote nimembeba huyu mtoto mgongoni... sikuwahi kuiona... Mungu wangu, ni nzuri jinsi gani...

Stephano, Mungu akupe pumziko. Herieth... akupe nguvu za mikono. Gervas, akulindie macho. Jesca, wewe... lako nitamwambia Mungu mwenyewe huko niendako. Mtazamane, wanangu... msipitane tu humu ndani... mtazamane...

Nimechoka. Nilazeni ubavu wa kulia... hapo... na mlango wa uani... fungueni sasa, pana joto.